Muto Umelala, Walisema

Kwenye matanga ya Mama Feza kule Salamabila tulikuwa hawa: mimi Mwamini, ambaye marehemu alikuwa jirani yangu na mwalimu wangu wa mwaka mumoja, Zaina, wifi yangu, dada mudogo wa bwana yangu, Amisi, shemeji yangu, kaka mukubwa wa bwana yangu, ambaye siku hizi macho yake yanaona mwanga tu, Feza mwenyewe, binti wa marehemu, mwenye jina tulilomuitia mama yake, na Riziki, mujukuu wangu, aliyenileta kutoka Kasongo kwa pikipiki, nimefungwa kitenge kiunoni pamoja naye nisianguke njiani. Salumu, bwana yangu, hakuwepo, alitangulia zamani, na Mama Sakina, mama mukwe wangu, alitangulia mbele yake. Lakini nawaandika wote wawili hapa, maana kati ya maneno yaliyosemwa siku ile kwenye mikeka, ni machache ambayo hawakuwa ndani yake.

Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, tunakula bugali na sombe, majani ya mihogo yenye mawese mengi, vile marehemu mwenyewe alipenda, na Riziki alikuwa anamuonyesha Feza foto kwenye telefone yake. Riziki anahamia Bukavu na bwana yake. Nyumba wameipata kwa foto, kama siku hizi watu wanavyopata hata wachumba. "Ona, Mama Mukubwa, saloni ya kupokelea wageni njo hii. Chumba ya watoto njo ile. Iko na umeme, iko na maji ya robine mu parsele." Mimi nikauliza: "Nyuma ya nyumba iko nini?" Akasema: "Iko ukuta, Bibi." Nikasema: "Na nyuma ya ukuta?" Akasema: "Bibi, nitajua aje? Ni foto hii." Hapo Amisi, asiyeona foto wala telefone, akainua kichwa: "Ni mulima. Bukavu ukikosa mulima nyuma, uko na bonde mbele. Uliza kwanza maji ya mvua inapitia wapi." Zaina alicheka mpaka akarudisha tonge kwenye sahani. "Amisi! Leo ni weye unauliza maji inapitia wapi? Mama Sakina angesikia, angefufuka!" Amisi naye akacheka, na Feza, mwenye matanga, akacheka akajifuta machozi, hatukujua ni ya kicheko ao ya mama yake. Riziki akatuangalia kama watu waliolewa pombe. "Munacheka nini?" Basi nikamuambia, na sasa naandika vile nilivyomuambia, na mengine ambayo pale sikuyasema.

Mwaka ule nilikuwa nimeolewa si zamani. Ilikuwa wakati wa Zaire, na vijana wa kila upande, wa Kivu, wa Fizi, wa Kasongo, walikuwa wanamiminika Salamabila kuchimba dhahabu. Amisi alisema mwenye kuwauzia wachimbaji sabuni na chumvi na viatu vya plastiki atashiba mbele ya mwenye kuchimba, na ukweli alisema sawa. Tulihama nyumba nzima. Lori lilitufikisha Kabambare, na kutoka pale tulitembea kwa miguu nyuma ya wabebaji, Mama Sakina mbele, amekataa kumupa mutu birika lake la kutawadhia na mukeka wake wa kusalia. Tulipofika, Amisi aliuliza kila kitu ambacho mufanyabiashara anauliza. Aliuliza wachimbaji wanapita njia gani, aliuliza soko ni siku gani, aliuliza ni nani muaminifu na ni nani mwizi. Mvua hakuiuliza. Mutu wa Kasongo mvua ya nini kuiuliza? Kwetu muji umekaa pahali pake toka zamani za mababu, mvua inakuja, inaondoka, na udongo unabaki.

Kwa kujenga alichagua pahali pa chini, tambarare, kando ya kijito walichoita Kamilanga. Wenyeji, Wabangubangu, walikuwa wamejenga wote juu kwenye mulima, nyumba zimeng'ang'ania kama mbuzi, na wanawake wao wakiteremka na kupanda na madumu kichwani. Amisi aliwaonea huruma. "Ona pahali pazuri hivi wamepaachia nyasi! Maji iko mulangoni. Mutu wa sala atafute nini tena?" Na sisi wote tuliona ana haki. Mutu anayetawadha mara tano kwa siku, maji mulangoni ni neema. Jamaa wengine wa Kasongo walikuja wakajenga kando yetu kwa sababu hiyo hiyo, ikawa kartie, mutaa wetu mudogo, na watu wa juu wakatuita Watu wa Maji. Tulidhani wanatusifu.

Nyumba ilikuwa ya udongo, yenye tole mupya ya bati juu, vyumba vitatu na butiki mbele. Chumba cha Mama Sakina kilitengwa kwa pazia la kitenge cha kijani, na nyuma ya pazia kulikuwa na sanduku la bati, mukeka, na harufu ya karafuu aliyoweka ndani ya nguo. Na desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi: bibi arusi, mwaka wake wa kwanza, hasemi na mama mukwe uso kwa uso. Nikitaka kusema chumvi imekwisha, namuambia Zaina, na Mama Sakina amekaa pale pale, anasikia kila neno. Zaina anageuka: "Mama, wifi anasema chumvi imekwisha." Mama Sakina anajibu kwa Zaina: "Muambie iko mu kopo, nyuma ya mulango." Na mimi ninangoja Zaina anigeukie ndipo nisimame. Zaina alikuwa kisichana mwenye akili ya shetani. Mara nyingine aliongeza yake: "Mama, wifi anasema chumvi imekwisha, na anasema Zaina apewe sukari." Mama Sakina anauma midomo asicheke, na mimi siwezi kukana, maana kukana ni kusema.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha kule milimani, kwetu ikawa manyunyu tu. Tuliingiza mupunga ndani. Baadaye jua likatoka, na kutoka juu mwanamuke akapiga kelele, ameweka mikono mudomoni: "Muto umelala! Ninyi wa chini, eeh! Muto umelala!" Sasa sikiliza. Kwetu Kasongo, mutoto mwenye homa akipoa, tunasema amelala. Upepo ukitulia, tunasema umelala. Ni neno la kumushukuru Mungu. Amisi alitoka mulangoni, akaweka mukono kifuani, akamuinamia mwanamuke yule wa mbali. "Asante, Mama! Alhamdulillahi!" Akatugeukia: "Mumesikia? Watu wema hawa. Rudisheni mupunga juani." Tukatandika mikeka tena kando ya kijito, na kijito kweli kilikuwa kimepungua, kinapita polepole kama mafuta. Tulikuwa ndani tunakunywa chai wakati maji yalipokuja. Yalikuja mekundu, yamebeba miti yenye mizizi. Yalichukua mikeka na mupunga wote, jiko letu la nyuma na kuku waliolala ndani yake. Nyumba yaliipiga tu kiunoni, yakapita.

Watu wa juu waliteremka na hasira, na wetu walikuwa na hasira, na ugomvi ule Amisi mwenyewe aliukumbusha kwenye matanga, akiigiza sauti zote mbili. "Tuliwaita!" "Mulituita mukisema umelala!" "Ndiyo, umelala!" "Sasa mutu akilala, unamukimbia?" "Huyu, ndiyo!" "Basi ninyi muko na wazimu!" "Na ninyi muko na matope mu masikio!" Waliachana hivyo, kila upande unajua upande mwingine hauna akili.

Mwanamuke aliyepiga kelele alikuwa Mama Feza. Nilikwenda kwake kununua sombe, na yeye, badala ya kunifungia majani, akanishika mukono: "Kuja, bibi arusi wa Watu wa Maji. Kuja nikuonyeshe." Tulipanda mpaka pahali ambapo mulima unaonekana kwa mugongo. Wachimbaji walikuwa wameukata. Miti hakuna, udongo umefunguliwa kama tumbo la samaki, na chini ya udongo ule Kamilanga inapita pahali pembamba. "Mvua inanyesha," Mama Feza akasema, "udongo unaanguka, unafunga muto kama mulango. Sasa kwenu kule chini mvua iko inanyesha na maji iko inapungua. Maji imekwenda wapi?" Nikasema: "Imebaki huku." "Imebaki huku, inasukuma mulango. Ukiona hivyo ni kukimbia." Nikamuuliza: kama ni hivyo, mbona munasema umelala? Alishusha sauti, kama vile Kamilanga ingemusikia. "Wazee wetu hawakutaka kuutaja kwa ubaya wakati umekasirika. Baba mukali akikasirika, unasema mu nyumba: baba amelala. Watoto wanaelewa. Kila mutu anatoka polepole." Nikaona kila kitu. Sisi tulikuwa wageni ambao hawakumujua baba yule. Akanionyesha pia jiwe letu la kufulia, jeupe, kutoka kule juu. "Mvua ikinyesha, jiwe likizama, pika chakula yako. Mvua ikinyesha na jiwe likitoka, acha hata sufuria."

Nilimuambia Salumu, na Salumu alinisadiki, lakini hakuweza kusema mbele ya kaka yake. Nilimuambia Zaina, Zaina akamuambia Mama Sakina, Mama Sakina akamuambia Amisi, na Amisi akasema maji yamekwisha kuja, yameona hakuna kitu, hayatarudi. Na akaongeza: "Muke wa Salumu anakwenda kununua sombe ao kununua hadithi?" Watu walicheka sana. Hapo Riziki akanikatiza: "Bibi, babu Amisi alisema hivyo kweli?" Amisi akajibu mwenyewe: "Nilisema. Tole ilikuwa mupya."

Riziki hakucheka. Alichukua telefone, akamupigia mwenye nyumba wa Bukavu pale pale mbele yetu, akamuuliza nyuma ya ukuta iko nini na mvua inapita wapi. Tulisikia sauti ya bwana yule, tamu kama ya muuza dawa, anasema kartie ni ya heshima, majirani ni watu wa bureau, wa kazi ya ofisi. Akamuuliza tena. Bwana akasema robine haikauki hata siku moja. Feza akamunong'oneza: "Muambie utakuja kuiona siku ya mvua, na utapiga hodi kwa jirani mbele ya kupiga kwake." Riziki akamuambia hivyo hivyo, na sauti ikapoteza sukari. Mujukuu wangu akafunga telefone, akasema hatapakia hata kijiko mbele ya siku hiyo. Mimi nilifurahi, lakini sikuonyesha. Nilimuambia asikilize, maana siku yenyewe bado.

Siku yenyewe ilikuwa ya hitima ya baba mukwe wangu. Mama Sakina aliitaka ifanywe vizuri, wasije wakasema tumemuacha marehemu Kasongo. Mvua ilianza asubuhi, ile mvua isiyo na hasira, inayonyesha tu. Wanaume walikaa uwanjani chini ya bashe, turubai iliyofungwa kwenye miti, wanasoma, na mualimu aliyetoka Lusangi akiongoza. Wanawake walikuwa jikoni, jiko jipya, pahali pale pale pa lile la kwanza. Pilau ilikuwa inafunikwa. Mama Sakina alikuwa ameshika upawa mukubwa, anaonja, anatikisa kichwa, anaonja tena. Alinipa sinia za kuosha kwa njia ya Zaina, na Zaina akanifuata mpaka kijitoni akiimba.

Jiwe lilikuwa nje. Lilikuwa jeupe, na chini yake kulikuwa na matope niliyokuwa sijayaona hata wakati wa kiangazi. Mvua ilikuwa inanipiga mugongoni. Na ndani ya Kamilanga samaki walikuwa wanarukaruka kwenye tope, na watoto wa kartie yote walikuwa wameingia na vikapu na masufuria, wanapiga vigelegele. Zaina alitupa sinia, akaingia nao. Mwanamuke mumoja wa kwetu alisema: "Ona marehemu alivyopendwa, hata samaki wamekuja mu hitima!" Na kutoka juu, ndani ya mvua, nilisikia sauti ya Mama Feza, imekauka kwa kuita: "Umelala! Umelala, eeh!" Wanaume waliokaa mwisho wa mukeka walisikia pia. Mumoja akasema polepole, "Alhamdulillahi," na kisomo kikaendelea.

Nilimuita Zaina. Hakusikia, ao alisikia akaona samaki ni wazuri zaidi. Nikasimama pale na sinia mukononi, na nikajua sina mudomo mwingine isipokuwa wangu. Na nikajua pia kwamba nikisema lile neno la Mama Feza, watanijibu alhamdulillahi. Basi nilirudi mbio mpaka katikati ya uwanja, mbele ya wanaume na mbele ya Kitabu, kichwa wazi kwa sababu kitambaa kilianguka njiani, nikapaza sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Muto umeamuka! Tokeni! Muto umeamuka!" Kisomo kilikatika. Amisi akaruka: "Nani huyo anapiga kelele mu hitima?" Mutu akasema: "Muke wa Salumu." Sikungoja. Niliingia jikoni, nikamushika Mama Sakina mukono, nikamuvuta. "Weye!" akasema, na neno lile lilikuwa la kwanza kunipa yeye mwenyewe. "Unanishika miye?" Nikasema: "Mama, twende," nikamuvuta na upawa wake, wanawake wengine nyuma yetu, na pilau ikabaki motoni. Wanaume walituona tunapanda, wakadhani tumeona kitu, wakasimama; mualimu akakunja Kitabu ndani ya kanzu yake, akapanda; Salumu akamubeba mugeni mumoja muzee mugongoni. Watoto hawakutoka. Niliwaita, wakanicheka. Hapo Mama Sakina, katikati ya mulima, aligeuka, akaangalia kijito kisicho na maji na mvua inanyesha juu yake, na nikaona uso wake umeelewa. "Zaina!" Sauti ile niliisikia ndani ya mifupa. "Tupa samaki! Wote juu! Atakayebaki nitamuchinja!" Walikuja wote, wanalia, hata wasio wake.

Amisi alibaki. Alikwenda mpaka kwenye jiwe, akasimama juu yake, akafungua mikono. "Munaona? Kavu! Muke wa Salumu ameota!" Kisha sisi huku juu tukasikia, na yeye akasikia, kama lori nyingi zinashuka pamoja. Amisi alikimbia na kanzu amekunja mpaka kiunoni, suruali ya ndani ina viraka, na kwenye matanga Zaina aliomba tusisahau viraka. Alitufikia, akageuka, na butiki yake ikapita chini yetu na tole lake jipya, imesimama wima kwanza kama mutu anayeaga, kisha ikalala. Kartie yote ya Watu wa Maji ikaenda na maji.

Tulijaa ndani ya nyumba ya Mama Feza, wengine chini ya vitanda. Alitupikia mihogo, akatupatia na chumvi tu, na hatujala kitu kitamu kama kile.  Ndipo Amisi akatafuta pahali pa kuweka haya yake, akaniona mimi. "Salumu, muke wako amesema uongo mbele ya Kitabu. Alisema umeamuka. Nimesimama mu muto, ulikuwa kavu." Salumu akafungua kinywa, lakini Mama Sakina aliinua upawa. Alikuwa bado nao. "Amisi, angesema umelala, ungetoka?" Akageuza uso. "Jibu." "Singetoka, Mama." "Basi." Kisha akanigeukia mimi. Zaina alikuwa kando yake, tayari amefungua midomo kupokea maneno. "Weye funga kinywa," mama yake akamuambia. "Nasema na mwenyewe. Mwamini." "Ndiyo, Mama." "Umenivuta mukono mbele ya wageni." "Ndiyo, Mama." "Bega linauma." "Nisamehe, Mama." "Siku nyingine," akasema, "vuta mikono yote miwili."

Tulijenga juu baadaye, tumeng'ang'ania kama mbuzi nasi, na nikabeba dumu kichwani miaka mingi bila kunung'unika, mpaka niliporudi Kasongo. Mama Sakina alisema nami uso kwa uso tangu siku ile, na hakuacha mpaka alipokufa, na mengi aliyosema yalikuwa makali, na yote nilipokea kama sukari. Feza ameniambia kwamba siku hizi watoto wa kule, wa Kibangubangu na wa Kasongo na wa kutoka Kivu, jiwe likitoka mvua ikinyesha, wanapiga kelele: umeamuka! Hawajui ni nani aliyelianzisha neno lile. Mimi najua.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na waliokuwa pale wamebaki wachache. Zaina anasema bashe ilikuwa ya bluu na mimi niliiona ya kijani; Amisi anasema mualimu hakutoka Lusangi, alipitia Lusangi tu. Kama nimekosea jina lako ao la mama yako, ao nimekutoa mahali ulipokuwa, unitafute Kasongo, uniambie, nitafuta na kuandika upya, sina kiburi cha kukataa. Lakini ukija kusema nilidanganya nilipopaza sauti, uje na jina la mutu aliyekufa siku ile. Nimewataja wote wa kartie kichwani, nyumba kwa nyumba, mara nyingi. Hayuko.